Nimefunga biashara niliyoiendesha miaka mingi, sasa natafuta ajira. Mafao na maombi ya kazi yanakwendaje kwa mtu kama mimi?

#1 (mleta mada)

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Nimejiajiri karibu maisha yangu yote ya kazi. Nilikuwa na karakana ya uchapishaji: kadi, vitabu vya risiti, vipeperushi, kalenda, mabango. Kazi imekuwa ikipungua mwaka hadi mwaka kwa sababu vitu vingi tulivyokuwa tunachapa sasa watu wanatumiana kwa simu, na mashine ikiharibika, kipuri kimoja kinameza faida ya miezi kadhaa. Tumekaa kama familia tukakubaliana nifunge kabla madeni hayajatuzidi. Wafanyakazi nimewalipa haki zao, wauzaji wa karatasi nimewamalizia chao, mashine mbili bado zinatafuta mnunuzi.

Nina maswali mawili, na naomba wenye uzoefu mnisaidie.

La kwanza ni mafao. Ndugu zangu walioajiriwa wakipoteza kazi wanajua pa kuanzia. Wana barua ya kuachishwa, wana michango iliyokatwa kwenye mshahara. Mimi hakuna aliyeniachisha. Barua yangu ataandika nani? Na je, mtu aliyelipa kodi miaka yote hiyo bila kuwa na mwajiri ana haki ya kitu chochote anapokuwa hana kipato?

La pili ni kazi yenyewe. CV yangu ina sehemu moja tu ya kazi kwa miaka yote. Matangazo yanataka uzoefu "katika nafasi kama hiyo", na fomu za mtandaoni zinataka jina la msimamizi wako wa mwisho. Ukiiacha wazi, fomu haiendi ukurasa unaofuata.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na kitu. Nina nguvu, kazi naijua, na siogopi kuanza chini. Kinachoniuma ni kuonekana kama mtu ambaye hajawahi kufanya kazi, wakati nimelea familia na kuajiri vijana kwa kazi hiyo hiyo.

#2

Dada, pole, na hongera kwa kuwalipa watu kwanza ndipo ukafunga.

Kwenye mafao jiulize kwanza: fao ninalolitaka linatokana na michango au linatokana na uhitaji? Hayo ni mambo mawili tofauti, na watu wengi huzunguka ofisini bure kwa sababu wameomba lile lisilowahusu.

Fao la michango ni bima. Uliyechangia mfuko ule ndiye unayelipwa, hata kama una akiba benki. Fao la uhitaji halijali umechangia nini. Linapima kipato chako, akiba yako, na mara nyingi cha mwenza wako pia. Nchi nyingi ziliijenga bima ya kukosa kazi juu ya mshahara: mwajiri anakata, mwajiri anaongeza. Aliyejiajiri hana wa kumkatia, hivyo akabaki nje.

Ona nchi zinavyotofautiana. Uingereza, fao la michango kwa mtafuta kazi linaangalia michango ya bima ya taifa ya daraja la kwanza, yaani ile ya waajiriwa. Ile ya daraja la pili ya waliojiajiri inahesabika kwenye pensheni ya serikali lakini hapo haihesabiki. Kwa hiyo aliyejiajiri miaka 20 anaelekezwa Universal Credit, ambayo ni ya uhitaji: akiba ikizidi pauni 16,000 hupati, na kati ya 6,000 na 16,000 malipo yanapunguzwa. Ujerumani, tangu 2006 aliyejiajiri anaweza kujiwekea bima ya kukosa kazi kwa hiari, ila lazima aombe ndani ya miezi 3 tangu aanze biashara. Ukikumbuka siku ya kufunga, mlango ulishafungwa zamani. Ufaransa ina posho ya waliojiajiri tangu Novemba 2019, inayolipwa kwa miezi 6, kwa aliyeendesha shughuli angalau miaka 2 mfululizo na kufunga kwa sababu zinazotambuliwa na sheria. Kuchoka tu hakutoshi. Hispania ilitunga sheria yake ya kinga ya kusitisha shughuli mwaka 2010 ikiwa ya hiari, na kuanzia 2019 mchango ukawa wa lazima. Marekani, bima ya kawaida ya majimbo haimgusi aliyejiajiri. Walilipwa kwa muda tu wakati wa korona, kwa sheria ya Machi 2020, na mpango huo ukafikia mwisho Septemba 2021.

Kenya na Tanzania, NSSF hupokea michango ya hiari ya waliojiajiri, lakini hiyo hasa ni akiba ya uzeeni. Usiitegemee kama posho ya kusubiria kazi.

Kuhusu swali lako kama una haki: Mkataba namba 168 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1988, unataja makundi 10 ya watu wanaotafuta kazi bila kuwa wamewahi kutambuliwa kama waliopoteza ajira, au wameacha kutambuliwa hivyo. Wamo wahitimu, wazazi waliomaliza kulea, wafungwa walioachiwa. Kundi la mwisho kwenye orodha ni la watu waliokuwa wamejiajiri. Mkataba unataka nchi ifikie angalau makundi matatu kati ya hayo kumi. Maana yake kundi lako linatambuliwa, lakini hakuna anayelazimika kulichagua. Kwangu mimi hilo ni pengo, na linapaswa kupigiwa kelele.

#3

Namba 2 kaeleza vizuri sheria. Mimi niongelee makaratasi, maana nami nilifunga biashara na nikapita njia hiyo hiyo.

Dada, umeuliza nani atakuandikia barua. Barua yako ni mafaili yako. Afisa wa mafao anataka kujua biashara ilikuwepo kweli, ilifungwa lini, na kwa nini. Mwajiri naye anataka kujua kama ulifanya kazi kweli, kwa muda gani, na kwa kiwango gani. Ushahidi unaowaridhisha ni ule ule. Ndiyo maana nawashauri watu wafunge biashara vizuri kwenye makaratasi kabla hawajatuma ombi lolote.

Chagua tarehe moja ya kufunga na uifuate kila mahali. Iandike kwenye taarifa kwa mamlaka ya kodi, kwenye kurudisha leseni, kwenye kujiondoa VAT kama ulisajiliwa, kwenye barua kwa benki, kwenye tangazo kwa wateja. Nimeona mtu anasumbuliwa kwa sababu kodi inasema amefunga Machi na leseni inasema Juni. Afisa akikuta tarehe mbili, anahisi unaficha kipato cha katikati.

Halafu usibaki nusu ndani nusu nje. Watu wanafunga biashara lakini wanaendelea kuchukua oda ndogo ndogo kwa sababu mteja wa zamani kaomba, kisha wanashangaa ofisi inawahesabu kama bado wamejiajiri. Uingereza jambo hilo lina madhara makubwa: kwa aliyejiajiri, baada ya miezi 12 ya mwanzo, wanaweza kukukadiria kipato cha chini hata kama mwezi ule hukupata kitu, na malipo yako yanashuka kwa kipato ambacho hukukiona. Ukishafunga, sema umefunga, ili uhesabiwe kama mtafuta kazi.

Mashine zako mbili usizifiche. Ziandike, na uhifadhi matangazo ya kuziuza, jumbe za wanunuzi, bei walizotaja. Kwa mfano huo huo wa Uingereza, mali ya biashara iliyofungwa haihesabiwi kama akiba kwa miezi 6 endapo unafanya juhudi za kweli za kuiuza. Ukinyamaza, itakuja kuonekana kama mali uliyoificha. Vilevile madeni ya wateja yanayolipwa baadaye: yakiingia, taja.

Na omba mapema. Sehemu nyingi hesabu inaanza siku ulipowasilisha ombi, siyo siku ulipoanza kuteseka. Universal Credit peke yake, malipo ya kwanza huja kama wiki 5 baada ya kuomba. Aliyejiajiri amezoea kuvumilia mwezi mbaya akitegemea mwezi ujao, na tabia hiyo hapa inamgharimu. Kama kanuni zinakupa haki leo, peleka ombi leo.

#4

Naandika kama mtu wa rasilimali watu. Nimesoma maombi mengi ya watu waliotoka kwenye biashara zao na nimewatetea baadhi yao mbele ya mabosi, kwa hiyo naweza kukuambia wanasemwa nini ukumbini ukishatoka kwenye usaili.

Waajiri wanaogopa mambo matatu. Kwamba biashara ikifufuka utaondoka. Kwamba umezoea kuamua mwenyewe na hutakubali kuelekezwa na meneja aliye mdogo kuliko wewe. Na kwamba hawajui kazi yako hasa ilikuwa nini, maana "mmiliki wa biashara" inaweza kuwa mtu aliyefanya kila kitu au mtu aliyekuja jioni kuchukua mauzo. Hofu ya tatu ndiyo inayowaondoa wengi, na ndiyo rahisi kuitibu.

Usiandike sehemu moja yenye sentensi mbili. Miaka yako igawe kwa kazi ulizofanya, kila moja kwa jina ambalo mwajiri analitumia. Wewe ulikuwa unapanga uzalishaji, unakadiria gharama za oda, unanunua malighafi, unasimamia mafundi, unakagua ubora, unafuatilia malipo, unaandaa hesabu za kodi. Hizo ni idara nne au tano kwenye kampuni kubwa. Ukiomba kazi ya ununuzi, upande wa ununuzi ndio ukae juu na uelezwe kwa urefu, mengine yafupishwe. Ukiomba ya usimamizi wa uzalishaji, geuza. CV moja kwa kazi zote haitakufikisha popote, na kwa aliyejiajiri ni mbaya zaidi kwa sababu amefanya mambo mengi mno.

Cheo kiendane na kazi unayoomba. Aliyekuwa na mafundi watano akijiita Mkurugenzi Mtendaji anawatisha wasomaji wa nafasi ya afisa. Andika "Msimamizi wa uzalishaji na mmiliki, karakana ya uchapishaji". Ni kweli, na inaeleweka.

Weka vipimo unavyoweza kuvithibitisha kutoka kwenye vitabu vyako: ulisimamia watu wangapi, oda ngapi kwa mwezi, mteja mkubwa alidumu miaka mingapi, ulipunguza upotevu wa karatasi kwa kiasi gani. Kama hukupima kitu, usikitaje.

Kwenye fomu, penye jina la mwajiri andika jina la biashara. Penye msimamizi, andika "nilijiajiri", na kama fomu inalazimisha jina la mtu, weka la mhasibu wako au la mteja mkubwa mliyefanya naye kazi muda mrefu, baada ya kumwomba ruhusa. Sehemu ya maelezo eleza uhusiano wenu. Sababu ya kuondoka: "nimefunga biashara". Maneno mawili yanatosha.

Jambo lingine. Kampuni nyingi zinachuja maombi kwa programu kabla mtu hajayaona, na programu inatafuta maneno yaliyo kwenye tangazo. Tangazo likisema "udhibiti wa bohari" na wewe umeandika "kutunza vifaa stoo", unaweza kupitwa. Tumia maneno ya tangazo pale ambapo ni kweli kwako.

#5

Mimi naona namba 4 anamzungusha mama wa watu. Afute habari za umiliki, aandike alikuwa meneja wa karakana fulani, basi. Nani atajua? Waajiri hawapendi waliojiajiri, mwisho wa habari.

#6 (namba 4 tena)

Ndugu, naelewa hasira iliyo nyuma ya ushauri huo, lakini ushauri wenyewe utamuumiza. Kampuni ikifuatilia rekodi za kodi au za mfuko wa pensheni itaona hakuwahi kuwa na mwajiri. Udanganyifu kwenye maombi ya kazi unaweza kuwa sababu ya kufukuzwa hata baada ya kuthibitishwa. Na akiwa anaomba mafao wakati huo huo, atakuwa ameandika jambo moja ofisi hii na jingine ofisi ile.

Kuweka umiliki mwishoni mwa cheo badala ya mwanzoni ni kupanga maneno. Kuufuta ni uongo. Dada huyu hana cha kuficha.

#7 (mleta mada)

Ahsanteni sana. Namba 3, jana nimekaa na mafaili hadi usiku na nimegundua leseni na taarifa ya kodi zinatofautiana tarehe, kama ulivyosema. Kesho naanza kurekebisha.

Bado nina vitu vinanitatiza. Kwenye usaili wakiniuliza "kwa nini umeacha biashara yako", niseme nini ili nisionekane nimeshindwa? Na wakiuliza nataka mshahara kiasi gani, nianzie wapi? Sijawahi kulipwa mshahara, nilikuwa nachukua kinachobaki.

#8

Mama yangu, shikamoo. Nimewahi kuwa mhasibu wa wafanyabiashara wadogo, nijibu la mshahara.

Usianze na mauzo. Wengi husema "nilikuwa naingiza kiasi hiki kwa mwezi" wakitaja mauzo, kisha wanakataa mshahara mzuri kwa sababu unaonekana mdogo. Chukua faida ya mwaka baada ya gharama zote na kodi, ya miaka mitatu ya mwisho, siyo ya miaka ya neema. Gawa kwa miezi 12. Hicho ndicho ulichokuwa unajilipa kweli. Halafu fikiria ulichokuwa hulipwi: siku za likizo, siku za ugonjwa, mchango wa pensheni wa mwajiri, saa za usiku. Ukimaliza hesabu hiyo, angalia matangazo ya nafasi kama yako yanalipa kati ya ngapi na ngapi, utaje kiwango kilicho ndani ya hapo. Mwajiri halipi historia yako ya biashara, analipa nafasi.

Na kama unapokea fao la uhitaji, uliza kabla ya kukataa kazi yenye mshahara mdogo au ya muda. Mahali pengine fao halikatwi lote ukianza kupata kipato, linapungua kidogo kidogo. Uingereza, Universal Credit hupunguzwa peni 55 kwa kila pauni 1 ya mshahara unaobaki baada ya makato, kwa hiyo kazi ya saa chache bado inaacha kitu mkononi. Mahali pengine kukataa kazi inayokufaa kunaweza kukusimamishia malipo. Jua kanuni zako kabla hujasema hapana.

#9

Naungana na namba 8. Swali la "kwa nini umeacha" nililijibu mwenyewe nilipotoka kwenye karakana yangu ya useremala nikaingia kampuni ya samani, kwa hiyo nasema nilichokiona.

Jibu fupi, halafu rudi kwenye kazi yao. Kitu kama: "Soko la uchapishaji mdogo limebadilika. Nililipa kila aliyekuwa ananidai, nikafunga kwa utaratibu. Ninachokipenda kwenye kazi ile ni kupanga uzalishaji na kutoa oda kwa wakati, na nafasi hii ndiyo inayofanya hivyo kila siku." Hakuna kuomba radhi humo. Usiwalaumu wateja, usiilaumu serikali, usisimulie kwa dakika kumi. Kufunga biashara bila kuacha deni ni sifa ya utendaji, na msaili anayejua kazi ataiona.

Kisha gusa ile hofu ya kuelekezwa kabla hawajaigusa wao. Toa mfano wa mteja mgumu aliyekubadilishia kazi mara nyingi na ukaifanya alivyotaka. Aliyejiajiri ana mabosi wengi, kila mteja ni bosi. Wasaili wengi hawajawahi kulifikiria hivyo mpaka waambiwe.

Nikuambie pia ukweli kuhusu kukaa chini ya mtu. Kilichonisumbua siyo amri. Kilichonisumbua ni kuona jambo linaharibika na kutokuwa na mamlaka ya kulirekebisha palepale. Imenichukua muda kujifunza kuandika pendekezo na kusubiri. Kwa upande mwingine, mwezi wa kwanza nilipougua na mshahara ukaingia kama kawaida, nilishindwa kuongea. Miaka yote ile kuugua kulimaanisha hakuna kinachoingia nyumbani.

Ukishapewa mkataba, soma kipengele cha kazi za nje. Kama bado unataka kuchapa kadi za harusi za ndugu mwishoni mwa wiki, omba ruhusa kwa maandishi kabla ya kusaini.

#10 (mleta mada)

Mmenipa nguvu jamani. Namba 9, hilo la kila mteja kuwa bosi nitalitumia.

Nimeshaanza kugawa CV kama alivyosema namba 4. Nimetoa ya ununuzi na ya usimamizi wa uzalishaji, na nilipoona kurasa zimejaa nilipata hisia ambayo sikuitegemea, kwamba kweli nimefanya kazi. Swali la mwisho: wadhamini. Wanataka watatu. Mteja wangu mkubwa yuko tayari. Wengine niwachukue wapi? Naweza kumweka fundi niliyekuwa nimemwajiri?

#11 (namba 4)

Unaweza, na mara nyingi ni mdhamini mzuri kuliko watu wanavyodhani, hasa kama unaomba nafasi ya kusimamia watu. Atasema ulivyopanga zamu, ulivyowalipa, ulivyowafundisha, na ulivyowatendea siku ya kufunga. Kwenye fomu eleza wazi kwamba ulikuwa msimamizi wake, wasije wakadhani mnaficha.

Wa tatu awe muuzaji wako wa karatasi. Huyo anathibitisha kitu ambacho mteja hawezi kukithibitisha: kwamba ulilipa kwa wakati na uliagiza kwa mpangilio. Wapigie wote watatu kabla hujawaandika, watumie tangazo la kazi na CV uliyotuma ili wajue wataulizwa kuhusu nini, na uwaombe namba ya simu ya kazini au barua pepe yenye jina la biashara yao. Ndugu wa familia usimweke hata kama mlifanya kazi pamoja.

Ukipata majibu kutoka ofisi ya mafao, weka hapa wamekwambia nini. Kuna wengine wengi wanasoma wakiwa wanajiandaa kufunga, na kila mmoja anaanza bila kujua apite wapi.